Ukanushaji wa mauaji ya kimbari ni nini?

Ukanushaji wa mauaji ya kimbari ni juhudi za kufuta, kupunguza au kuhalalisha mauaji yaliyokusudiwa kuangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Wengi hudhani mkanushaji husema hakuna aliyeuawa. Ni nadra. Kwa kawaida hukubali kwamba watu walikufa, kisha hubishania idadi, nia, na nani alianza.

Chukua Srebrenica, mashariki mwa Bosnia. Julai 1995, wakati wa vita vya Bosnia, jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić liliuteka mji huo, ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza eneo salama, likaua wanaume na wavulana wa Kibosniaki (Waislamu wa Bosnia) zaidi ya 8,000. Miezi michache baadaye makaburi ya halaiki yalifukuliwa kwa mitambo na miili ikazikwa kwingine ili ushahidi upotee. Ndiyo maana mifupa ya mtu mmoja imekutwa katika makaburi tofauti, na familia iliyokwisha kuzika huweza kuarifiwa tena kwamba kipande kingine kimetambuliwa kwa vipimo vya vinasaba. Kwa hiyo ukanushaji haukungoja vita viishe.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa huko The Hague, Uholanzi, iliyoshughulikia uhalifu wa kivita katika Yugoslavia ya zamani (nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake), iliamua mwaka 2001 kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema hivyo hivyo mwaka 2007. Hata serikali ya Republika Srpska, sehemu ya Bosnia inayotawaliwa na Waserbia, ilikiri mauaji hayo katika ripoti ya mwaka 2004. Mwaka 2018 bunge lake likaibatilisha. Kati ya hapo, Machi 2016, bweni la wanafunzi mjini Pale lilipewa jina la Radovan Karadžić, kiongozi wa kisiasa wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita, siku chache tu kabla mahakama ya The Hague haijamtia hatiani kwa mauaji hayo. Hapo hakuna tena kukana, ni kusifu.

Kwa nini mtu aendelee kukana mbele ya ushahidi namna hiyo? Kwa sababu ubishi wenyewe hauhusu ushahidi. Republika Srpska ilizaliwa katika vita vile vile, na wanasiasa wake huwaambia wapiga kura kwamba hukumu hizo zinalifanya taifa zima la Waserbia kuwa wauaji. Si kweli: waliotiwa hatiani The Hague ni watu mmoja mmoja, kwa majina yao. Lakini hofu hiyo huleta kura. (Mwanahistoria anayehakiki idadi ya waliouawa si mkanushaji, mradi yuko tayari kubadili kauli akioneshwa ushahidi.)

Julai 2021 Valentin Inzko, mwakilishi mkuu wa kimataifa anayesimamia mkataba wa amani nchini Bosnia wakati huo, aliweka sheria inayomwezesha mkanushaji kufungwa hadi miaka 5. Bunge la Republika Srpska likapitisha sheria ya kuikataa. Na mitaala ya shule huko, yaani watoto wafundishwe nini kuhusu vita hivyo, hupangwa na Republika Srpska yenyewe.