Mahekalu ya Chiang Mai kwa Miguu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mji mkongwe wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ni mraba uliozungukwa na handaki la maji, kila upande takriban kilomita moja na nusu. Mfalme Mangrai aliuanzisha mwaka 1296 uwe makao makuu ya dola ya Lanna. Kuuzunguka bila kiongozi hakuna taabu: barabara zimenyooka na huwezi kupotea kwa muda mrefu. Kinachowapotosha wageni ni maneno waliyoyabeba kutoka nyumbani.

Dhana: Mji ni mdogo, kwa hiyo mahekalu yote yanamalizika kwa siku moja

Ndani ya handaki kuna mahekalu zaidi ya 30. Kuyapitia yote kwa siku moja inawezekana, ila utakachokumbuka jioni ni kuvua na kuvaa viatu. Manne au matano yanatosha kwa asubuhi moja.

Njia inayofaa ni hii. Anzia Lango la Tha Phae, upande wa mashariki, saa moja asubuhi. Ingia ndani, kisha pinda kulia kufuata barabara ya Ratchapakhinai hadi Wat Chiang Man. Hilo ndilo hekalu la kwanza la mji, na inasimuliwa kuwa Mangrai alikaa hapo mji ulipokuwa ukijengwa. Nyuma yake kuna mnara uliobebwa na tembo 15 wanaochomoza kutoka kwenye kitako chake. Kutoka hapo elekea magharibi hadi sanamu ya Wafalme Watatu: Mangrai, Ramkhamhaeng wa Sukhothai na Ngam Muang wa Phayao. Shuka kusini kwa barabara ya Phra Pokklao upate Wat Phan Tao na Wat Chedi Luang, yaliyopakana ukuta kwa ukuta. Halafu rudi barabara ya Ratchadamnoen na uifuate magharibi hadi inapokoma, mbele ya Wat Phra Singh. Jumla ni kama kilomita 3. Mwendo wenyewe hauzidi saa moja; muda uliobaki, saa tatu au nne, ni wa kutazama.

Kasoro ya njia hii ni moja: Wat Phra Singh limeelekea mashariki, na ukifika adhuhuri uso wake hauna tena mwanga mzuri. Anayejali picha kuliko historia aigeuze, aanzie Phra Singh na kumalizia Tha Phae.

Wathai huendesha magari upande wa kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo macho yako yameshazoea. Lakini barabara zinazofuata handaki ni za mwelekeo mmoja, ule wa ndani na ule wa nje ukipingana. Hapo mazoea ya kutazama kulia kwanza yanaweza kukuponza. Tazama kote kuwili.

Dhana: Lango la Tha Phae na kuta zake zina miaka 700

Mraba na handaki ni mpango wa zamani kweli. Lango unalopiga nalo picha lilijengwa upya katikati ya miaka ya 1980. Hata kabla ya hapo historia ilikuwa imekatika. Waburma waliutwaa mji mwaka 1558 na kuutawala zaidi ya miaka 200. Baada ya kufukuzwa, vita viliuacha mji ukiwa mahame kwa karibu miaka 20, mpaka mtawala Kawila alipourudishia watu mwaka 1796 na kuukarabati. Sehemu kubwa ya matofali yaliyobaki ni ya enzi zake au baada yake. Ukitaka ukuta uliochakaa kwa haki, nenda kwenye pembe nne za mraba, kwa mfano Katam upande wa kusini-mashariki. Huko hakuna foleni ya picha.

Dhana: Chedi Luang ni gofu lililokosa mtu wa kulimalizia

Hapa inafaa kusimama kidogo. Ujenzi ulianza mwishoni mwa karne ya 14 chini ya Mfalme Saen Muang Ma, ukakamilishwa katikati ya karne ya 15 chini ya Mfalme Tilokaraj. Ulipokamilika, mnara ulikuwa na urefu wa karibu mita 80. Kuanzia 1468 ulihifadhi ile sanamu iitwayo Buddha wa Zumaridi, ambayo leo iko Bangkok (na ambayo, licha ya jina, haikuchongwa kwa zumaridi). Tetemeko la ardhi la mwaka 1545 liliangusha sehemu ya juu.

Basi si kwamba ulisahaulika. Ulikarabatiwa miaka ya 1990 kwa msaada wa UNESCO na Japani, na kilele kikaachwa makusudi kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kuhusu umbo lake la awali. Uamuzi huo una busara. Afadhali pengo la kweli kuliko kilele cha kubuni. Ila si kila kitu kilichobaki ni cha kale. Zunguka hadi upande wa kusini utazame safu ya tembo. Wale wazima, wenye masikio na mkonga, ni wa saruji. Aliyekatika, asiye na masikio wala mkonga, ndiye wa asili, wa matofali na lipu ya chokaa. Wengi humpita wakimdhania ameharibika, wakapiga picha wale wapya.

Ukiuzunguka mnara, fuata waumini: nenda ukiuweka mkono wako wa kulia. Wao huzunguka mara tatu wakiwa na maua, ubani na mshumaa. Usitafute mlango. Chedi, yaani mnara wa aina hii, haiingiwi; kazi yake ni kuhifadhi masalia matakatifu.

Dhana: Wat ni jengo moja, na likiwa wazi kila mtu huingia popote

Wat ni kiwanja kizima, kama ua wenye nyumba kadhaa. Jengo kubwa unalolikuta kwanza kwa kawaida ni viharn, ukumbi wa ibada ulio wazi kwa wote. Ubosot ni jengo la kuwaweka wakfu watawa, nalo utalitambua kwa mawe ya mpaka yaliyosimikwa kulizunguka. Chedi ndiyo mnara. Ho trai ni maktaba ya maandiko, ambayo hujengwa juu ili panya, mchwa na maji visiyafikie. Ile ya Wat Phra Singh ina kitako kirefu cha lipu yenye nakshi na ghorofa ya mbao juu yake. Kuti ni makazi ya watawa. Huko usiende kuchungulia.

Katika mila ya Lanna kuna sehemu ambazo wanawake hawaingii. Katika kiwanja cha Chedi Luang, kibanda cha nguzo ya mji, Sao Inthakhin, ni kimojawapo. Ndivyo ilivyo pia kwenye ubosot ya fedha ya Wat Sri Suphan, nje ya handaki upande wa kusini. Kibao huwekwa mlangoni. Unaweza usikubaliane na mila hiyo, lakini kubishana na mlinzi hakutakupitisha.

Wat Phan Tao nalo hudhaniwa kuwa banda la kuhifadhia mbao, watu wakalipita kukimbilia jirani yake. Viharn yake ni ya mbao za mtiki tupu, zilizokuwa jumba la mtawala wa Chiang Mai katika karne ya 19 kabla ya kuhamishiwa hekaluni. Inua macho juu ya mlango: kuna tausi aliyesimama juu ya mbwa, na mbwa ni alama ya mwaka aliozaliwa mtawala huyo.

Dhana: Wat Phra Singh ni "hekalu la simba", na Singh ndiyo simba wetu

Hekalu lilianza mwaka 1345, Mfalme Phayu alipojenga mnara wa majivu ya baba yake. Jina la sasa linatokana na sanamu ya Buddha iitwayo Phra Sihing, iliyomo ndani ya Viharn Lai Kham, ukumbi mdogo wenye michoro ukutani. Kwa mapokeo, sanamu hiyo ilitoka Sri Lanka. Bangkok na Nakhon Si Thammarat nazo zina sanamu zinazodaiwa kuwa ndiyo hiyo hiyo. Ama neno letu simba, hilo ni la Kibantu. Wazulu huita insimba mnyama mdogo wa jamii ya kanu. Kufanana kwake na simha, neno la Kisanskriti la simba lililozaa Singh, ni sadfa tu, ingawa utamu wa hadithi hiyo haujapungua mitandaoni.

Dhana: Ukishavua viatu, umemaliza adabu

Anayeingia msikitini au aliyelelewa nyumba ya mkeka hahitaji kufundishwa kuvua viatu. Yanayokosewa ni mengine. Mabega na magoti yafunikwe. Khanga au kikoi kilichokunjwa mkobani kinakuokoa kuliko kukodi kitambaa mlangoni. Kizingiti huvukwa, hakikanyagwi. Ukikaa mbele ya sanamu, kunja miguu nyuma, nyayo zisielekee Buddha. Usiipe sanamu mgongo kwa ajili ya picha. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkono kwa mkono. Hukiweka mezani au juu ya kitambaa.

Vaa viatu vya kuchomeka. Vya kamba vitakupotezea muda, na sakafu za nje saa sita mchana huunguza, kwa hiyo weka soksi mfukoni. Beba noti ndogo za baht 20 na 50. Baadhi ya mahekalu hutoza wageni kiingilio, na mlinzi wa asubuhi mara nyingi hana chenji ya 1,000.

Dhana: Mwezi wowote ni sawa

Si sawa. Novemba hadi Februari mapema ndio wakati wa kutembea. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi hukaa bondeni, na Machi mlima ulio magharibi hutoweka machoni. Kitambaa usoni hakizuii chembe hizo. Inatakiwa barakoa ya N95, na mwenye pumu aahirishe. Aprili na Mei joto huongezeka.

Siku ya juma nayo ina hesabu yake. Jumapili jioni Ratchadamnoen hufungwa magari na kuwa soko tangu Tha Phae hadi karibu na Phra Singh, na viwanja vya mahekalu ya njiani hugeuka sehemu za kuuzia chakula. Kwa tumbo ni neema. Kwa kutazama mahekalu, fanya asubuhi.

Dhana: Doi Suthep iko kwenye njia hiyo hiyo

Hekalu la mlima Doi Suthep huonekana kileleni, ukadhani ni karibu. Wat Phra That Doi Suthep liko kama kilomita 15 kutoka mjini, kwa barabara ya kupanda na kona nyingi. Huendwa kwa songthaew, zile pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili nyuma, aina ya daladala. Patana bei kabla ya kupanda, na uliza kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Ukishushwa, bado kuna ngazi 306 zilizowekewa nyoka wa kufinyangwa pande zote mbili. Ipe siku yake.