Nani Aliulizwa? Dhana potofu kuhusu sera za tabianchi na mshikamano wa jamii

“Wananchi wanapinga kwa sababu hawana elimu”

Kwenye semina za mazingira kauli hii haikosekani. Watu wakigomea kodi, katazo au mradi, dawa inayoandikwa ni ileile: waelimishwe. Tuitazame basi Ufaransa, nchi isiyo na uhaba wa shule.

Serikali yake ilipanga kupandisha kodi ya mafuta Januari 2019: senti 6.5 za yuro kwa lita ya dizeli na senti 2.9 kwa petroli. Tarehe 17 Novemba 2018 watu waliovaa vizibao vya njano wakafunga barabara nchi nzima. Wengi wao walitoka vijijini na katika miji midogo ambako bila gari hufiki kazini wala humfikishi mtoto hospitali. Mwaka huohuo kodi ya utajiri ilikuwa imefutwa, ikabaki ya majumba na ardhi peke yake. Mwenye gari la dizeli aliona vizuri kabisa nani ametwishwa mzigo na nani ametuliwa. Mwanzoni mwa Desemba serikali ikarudi nyuma, nyongeza ikaondolewa.

Kilichofuata ndicho ninachopenda kukisimulia. Kuanzia Oktoba 2019 wananchi 150 waliopatikana kwa bahati nasibu walikutanishwa, wakawasikiliza wataalamu, wakabishana wao kwa wao, na Juni 2020 wakatoa mapendekezo 149. Mengine yalikuwa makali kuliko yote ambayo serikali ilithubutu kuyagusa. Walitaka, kwa mfano, mwendo wa magari kwenye barabara kuu ushushwe hadi kilomita 110 kwa saa. Aliyelikataa hilo ni Rais Macron.

“Ukame ukija, wafugaji lazima wauane”

Kwa haraka hoja hii inaingia akilini: maji yakipungua, mikuki inatoka. Lakini watafiti walipoziweka pamoja kumbukumbu za mvua na za mauaji huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walikuta kwamba watu wengi zaidi waliuawa katika miaka ya mvua kuliko katika miaka ya ukame. Ukifuata maisha ya mfugaji utaona sababu. Mvua ikinyesha, nyasi hurefuka za kujifichia, ng’ombe hupata nguvu ya kuswagwa mbali usiku kucha, na madimbwi ya kuwanyweshea yapo njiani. Wakati wa kiangazi kikali unahitaji kisima cha jirani, na kisima kina zamu zake na wazee wanaozipanga. Ugomvi unawekwa kando ili mifugo inywe.

Sisemi ukame ni mwema. Unamaliza mifugo na kuacha familia mikono mitupu. Ninachosema ni kwamba sera inayouona ukame kama vita vilivyo njiani hupeleka askari mahali palipohitaji wazee wa kisima wapewe nguvu. Au huchimba kisima kipya bila kuuliza kitakuwa cha nani, kisha kila kundi likaja nacho hakina wa kupanga zamu.

“Nishati safi haina wa kumdhuru”

Tubaki Marsabit. Karibu na Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilizinduliwa Julai 2019, na mimi ni miongoni mwa walioshangilia, kwa sababu umeme usio na moshi ni jambo jema na bado naamini hivyo.

Ardhi yake ni ekari 150,000. Ilikuwa ardhi ya amana, yaani ilishikwa na halmashauri kwa niaba ya wakazi. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria, ikatoa mwaka mmoja kasoro hiyo irekebishwe.

Kesi ya ardhi ni sehemu inayoonekana. Isiyoonekana haraka ni hii: Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wameitumia nchi ile kwa misimu, kwa ujirani wenye amani yake na ugomvi wake, na mipaka yao haikuwa ya waya. Mradi ulipofika na ajira pamoja na fedha za maendeleo, likazuka swali: nani hasa mwenyeji hapa? Swali hilo halikuwahi kuhitaji jibu moja, mpaka siku kibarua kilipolitegemea. Watu waliokuwa wakigawana malisho wakaanza kutafuta ushahidi wa kuwaondoa wenzao kwenye orodha. Wakati huo umeme wenyewe unapita juu yao, kwenye njia ya zaidi ya kilomita 400, kwenda Suswa, upande wa Nairobi.

Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, mradi mwingine wa upepo wa takriban megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 bila mtambo hata mmoja kusimama, baada ya upinzani wa wenye mashamba.

“Mshikamano ni maneno matamu, kinachookoa maisha ni saruji”

Julai 1995 joto kali liliipiga Chicago, na watu 739 zaidi ya kawaida wakafa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, yote ikiwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Wa kwanza ulipoteza watu 40 kwa kila 100,000, wa pili 4. Jua lilikuwa lilelile. Ila mtaa wa kwanza ulikuwa umehamwa: viwanda vimefungwa, nyumba tupu, wazee wanaogopa kufungua mlango. Wa pili ulijaa maduka na wapita njia, na bibi alikuwa na mahali pa kwenda kupata ubaridi na mtu wa kusalimiana naye.

“Mila za wazee haziwezi kushika jambo kubwa kama hili”

Hapa ndipo ninapowaomba wapanga sera wafunge safari hadi Shinyanga. Miti ya Usukumani ilifyekwa wakati wa ukoloni kuwaangamiza mbung’o, ikafyekwa tena kupisha pamba, na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 ukavuruga utaratibu wa kale wa ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ili ndama, ng’ombe wazee na maksai wasife njaa. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway, ukaenda hadi 2004. Kazi ilisonga pale wataalamu walipoacha kuleta miche ya kigeni peke yake, wakauliza watu walikuwa wakifanyaje zamani. Ngitili ikarudi. Dagashida, baraza la Wasukuma, likaweka sheria na adhabu, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakalinda. Hekta zilizokuwa mamia machache zikapita 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hapakuhitajika bunduki ya mhifadhi katika kila kichaka, kwa sababu anayekata mti wa ngitili ana majirani wanaomjua kwa jina la baba yake.

“Kikiwa cha kijiji, basi kinamfaa kila mwanakijiji”

Hii nayo ni dhana potofu, na sisi tunaopenda mifano ya jamii ndio tunaoieneza. Ngitili nyingi ni za kaya. Mwenye ardhi kubwa na ng’ombe wengi alifunga eneo kubwa, akavuna nyasi, nguzo na asali. Asiye na ng’ombe aliona mahali alipokuwa akiokota kuni pamewekewa mpaka. Hata pale palipobaki pa kijiji, ukali wa mpaka ulitegemea nani alikuwepo siku sheria zinapangwa. Mjane anayeishi kwa kuuza kuni hapotezi nafasi yake msituni. Anaipoteza kwenye kikao kilichoitishwa saa ambayo yeye yuko njiani na mzigo kichwani.