Gauni la Alice liwe rangi gani?

Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa chekechea na kitabu kilichochakaa. Akakifungua kwenye picha ya karamu ya chai, akasema, "Fundi, naitaka hii, kubwa, ya ukutani. Na gauni liwe la bluu." Nikamwomba wiki tatu. Wengi wanaopita hapa kwangu, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hushangaa: picha iko kwenye simu, mashine za kuchapia zipo, ya nini kukaa wiki tatu na kalamu? Naandika haya kwa ajili yao, na kwa vijana wanaotaka kuanza kazi hii ya kunakili picha kwa mkono.

Picha ni ya John Tenniel, Mwingereza aliyechora picha 42 za kitabu cha hadithi cha Lewis Carroll kuhusu msichana Alice, kilichotoka 1865. Lakini mstari tunaouona kitabuni haukutoka moja kwa moja mkononi mwa Tenniel. Yeye alichora kwa penseli, mchoro ukahamishiwa kwenye kibao cha mti mgumu, kisha mafundi wa karakana ya ndugu Dalziel, London, wakauchonga. Aliyewahi kusimama karibu na fundi wa nakshi za milango ataelewa upesi. Kwenye mlango, palipochimbwa huingia kiza na ua likasimama mbele. Kibao cha kuchapia ni kinyume chake: palipochimbwa hapapati wino, panatoka peupe, na kilichoachwa kimesimama ndicho kinachotoka cheusi. Kwa hiyo kila mstari mweusi kwenye uso wa Alice ni ukuta mwembamba wa mti uliosalimika kati ya mikato miwili.

Ukishalijua hilo, mkono wako haushiki tena kalamu kama zamani. Anayeanza huona vistari vilivyosongamana chini ya meza akadhani ni kijivu. Anachukua brashi, anapaka kijivu, na picha inakufa hapo hapo. Vile vistari vina mwendo. Juu ya kitambaa vinafuata mkunjo, juu ya shavu vinazunguka na shavu, vinaanza vyembamba kama unywele na kunenepa kadiri vinavyoingia kivulini. Kivuli kimo ndani ya mstari wenyewe. Mimi natumia kalamu ya nibu, naibonyeza polepole ninapotaka unene, na sirudii mstari niliokwisha kuupiga.

Ugumu mkubwa uko kwenye kukuza. Picha ya kitabuni inaenea kiganjani, mwalimu anataka ya ukutani. Napiga miraba ya penseli juu ya nakala ya kitabu, napiga miraba mikubwa juu ya karatasi yangu, nahamisha mraba mmoja mmoja. Mpaka hapo ni subira tu. Sasa mstari: ukiukuza mara nne pamoja na picha, unakuwa kamba, na Alice anaonekana amefungwa. Ukiuacha na wembamba wake wa kitabuni, nafasi kati ya mistari zinakuwa pana mno na kivuli kinavuja. Mimi naunenepesha mara mbili, kisha naongeza mistari mingine katikati, nikifuata njia ambayo mchongaji angeifuata kama kibao chake kingekuwa kikubwa hivyo. Mashine hukuza ilichopewa, basi. Hapa lazima mtu aamue, na wiki zangu mbili kati ya tatu zinaishia kwenye uamuzi huo.

Tenniel mwenyewe hakukubali kazi hafifu. Nakala 2,000 za mwanzo za 1865 zilipochapwa hakuridhishwa na uchapaji, Carroll akaziondoa, kitabu kikachapwa upya. Kiganja kikiniuma huwa nawakumbuka.

Kwenye kofia ya fundi kofia, mmoja wa walioketi kwenye karamu ya chai, kuna kikaratasi cha bei: 10/6, yaani shilingi kumi na peni sita za Uingereza. Nimeshaombwa niweke bei ya siku hizi kwa shilingi zetu. Sibadilishi. Ni hesabu ya wakati wake, iache ilipo.

Kwenye rangi nakuwa mlegevu zaidi, kwa sababu picha za 1865 zilikuwa nyeusi na nyeupe. Tenniel alikuja kutia rangi picha 20 kwa ajili ya kitabu cha watoto wadogo kilichotoka 1890, na humo gauni la Alice ni la njano. Nilimweleza mwalimu. Akafikiri, akasema, "Watoto wangu wanavaa sare ya bluu, fundi. Nataka wamwone kama mwenzao." Nikakubali.

Rangi iwe ya maji na iwe nyepesi, mstari uonekane chini yake. Rangi za kung'aa wanazotumia wachoraji wa Tingatinga ni nzuri kwa kazi yao, ila kwa kazi hii zinafunika kila kitu. Na wakati wa masika usimwamini wino. Mwaka wangu wa kwanza niligusa mistari nikaona imekauka, nikapitisha maji ya rangi, uso mzima wa fundi kofia ukatiririka, kazi ya siku 12 ikaisha. Sasa nauacha wino ulale siku mbili. Kwenye fremu pia usiache kioo kigusane na karatasi. Weka paspatu, yaani pambizo la karatasi nene, katikati, la sivyo unyevu wa pwani utaleta kuvu kabla mwaka haujaisha.

Kuna wanaoniletea picha za dubu Winnie-the-Pooh, zilizochorwa na E. H. Shepard, niwanakilie. Nawakatalia. Shepard alifariki 1976, na kwao Uingereza haki ya msanii juu ya kazi zake hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Tenniel alifariki 1914, kwa hiyo yake ilishakwisha.

Mwaka 1940 kitabu cha Alice kilitoka kwa Kiswahili, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na picha zilichorwa upya, Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Naipenda mno kazi ile, na siku moja nitaifuata njia yake. Lakini siku hiyo sitaandika jina la Tenniel pembeni kana kwamba ndiye aliyechora.

Picha ya mwalimu ilikauka Jumanne. Nyuma yake nimeandika kwa penseli: Nakala ya mkono, Bagamoyo. Mchoro wa John Tenniel, uchongaji wa ndugu Dalziel, 1865. Bluu ni ya mwalimu.