Bamba la nyuma ndilo ninaloliangalia kwanza

Mezani kwangu pana kipande cha alumini chenye unene wa milimita 15. Upande wa mbele kina kishimo cha mviringo, upana wake kama kifungo cha shati, kina chake milimita 6 hivi. Kingo zake zimebinuka kwa nje na ni kali. Ukipitisha kidole bila uangalifu utajikata. Kilichochimba kishimo hicho ni gololi ya alumini ya milimita 3, yenye uzito wa punje ya mchele au mbili, ikienda kilomita 7 kwa sekunde.

Ukikigeuza, utaona uvimbe nyuma. Gololi haikufika huko hata kidogo. Ukikikata katikati kwa msumeno, utakuta ufa umelala ndani ya chuma, sambamba na uso wa nyuma. Kazi yangu ni kuiga migongano ya namna hii kwa kompyuta, na huo ufa ndio umenifundisha mengi kuliko kishimo cha mbele.

Tuanze na kishimo. Alumini ikigonga alumini kwa kasi hiyo, mgandamizo unaozaliwa pale zinapokutana hufikia takriban gigapaskali 95, karibu mara milioni moja ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Uimara wa aloi ya kawaida ya alumini (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) ni kama gigapaskali 0.3 tu. Kwa hiyo, kwa muda mfupi usiofikia hata sehemu ya elfu moja ya sekunde, chuma hakina habari ya uimara wake. Kinatiririka kama uji. Ndiyo maana kishimo hutoka mviringo hata gololi ikija kwa mshazari, isipokuwa ikija karibu sambamba na uso wa bamba. Gololi yenyewe haichomoki wala haibaki shimoni. Inavunjika, sehemu yake inayeyuka, inatapakaa.

Ufa wa nyuma una kisa kingine. Mgongano hutuma wimbi la mshtuko ndani ya bamba, na wimbi hilo linabana chuma kadiri linavyosonga. Likifika uso wa nyuma halikuti kitu cha kusukuma, kwa hiyo linarudi, na katika kurudi linageuka kuwa mvuto. Chuma kilichokuwa kinabanwa sasa kinavutwa pande mbili na kuchanika kutoka ndani. Wimbi likiwa na nguvu zaidi, ganda zima hubanduka na kuruka. Mtu aliye ndani ya chombo cha angani anaweza kuumizwa na ukuta wake mwenyewe, huku kilichogonga kimebaki nje.

Na angani hili si jambo la kubuni. Juni 1983 chombo cha angani cha Marekani, Challenger, kilirudi duniani na kishimo kwenye kioo cha dirisha. Uchunguzi ulionyesha kilichogonga ni chembe ya rangi. Kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka dunia kwa takriban kilomita 7.7 kwa sekunde, na takataka nyingi za angani, yaani mabaki ya vyombo na roketi, hukutana nacho kwa kasi ya kama kilomita 10 kwa sekunde. (Pete ya chuma iliyoanguka kutoka angani kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, tarehe 30 Desemba 2024, watu waliniuliza kama ni mambo haya. Hapana. Pete ile ilipita hewani, na hewa ilikwisha kuipunguza kasi.) Gololi ya alumini ya sentimita 1 kwa kilomita 7 kwa sekunde hubeba nishati sawa na gari la tani moja linalokwenda kilomita 30 kwa saa, yote ikimwagwa mahali padogo kama ukucha.

Kasi hiyo tunaipata maabara kwa bunduki ya gesi nyepesi ya hatua mbili. Baruti inasukuma pistoni, pistoni inabana hidrojeni ndani ya bomba refu, kiwambo cha chuma kinapasuka, na hidrojeni inairusha gololi kupitia mtutu mwembamba hadi kwenye chumba kilichoondolewa hewa. Baruti peke yake haitoshi, kwa sababu moshi wake ni mzito. Gesi haiwezi kusukuma kitu kwa kasi kupita uwezo wake yenyewe wa kutanuka, na hidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote.

Kinga tunayoipima mara nyingi ni ile aliyoipendekeza mwanaastronomia Fred Whipple mwaka 1947: bamba jembamba mbele, nafasi tupu, kisha ukuta. Bamba jembamba halizuii gololi. Linaivunja, ili ukuta upigwe na wingu lililotawanyika badala ya ngumi moja. Ila kuna jambo linalowashangaza hata wahandisi: kwa kilomita 3 kwa sekunde ngao hii yaweza kushindwa na gololi ambayo ingeizuia kwa kilomita 7. Kwa kasi ndogo gololi haivunjiki vya kutosha. Inatoboa bamba la kwanza na kuufikia ukuta ikiwa karibu nzima.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Programu niliyotumia hugawa chuma katika vyumba vidogo vidogo, kama wavu. Chumba kikipindwa kupita kiasi hesabu hukwama, kwa hiyo programu huruhusiwa kukifuta. Mimi niliweka kiwango cha kufuta chini mno. Vipande vilivyotoka bamba la kwanza vikafutwa njiani kabla ya kufika popote, na skrini ikanionyesha ukuta mzima, safi. Nikaandika kwamba ngao inatosha. Siku ya kufyatua, fundi wa bunduki alinipa bamba la nyuma bila kusema neno. Nikalielekeza dirishani, mwanga ukapita.

Nilirudi nikajumlisha uzito wa chuma chote katika hesabu yangu, mwanzo na mwisho. Sehemu kubwa ya gololi ilikuwa imepotea, na programu haikulalamika. Tangu siku hiyo sehemu inayovunjika naihesabu kwa chembe huru zisizo na wavu, njia iliyochapishwa mwaka 1977 kwa ajili ya kuchunguza nyota, na jumla ya uzito naichapisha kwenye kila grafu.

Lakini bunduki nyingi za aina hii huishia karibu kilomita 7 au 8 kwa sekunde, na angani wastani ni 10. Pale vipimo vinapokoma ndipo hesabu inabaki peke yake. Kwa hiyo kwanza nailazimisha modeli itoe kitobo, uvimbe na ufa wa kila bamba tulilopiga kwa kilomita 3, 5 na 7, bila kubadili namba yoyote katikati. Ikishindwa hata bamba moja, sivuki kwenda 10. Na nikivuka, mstari wa grafu kuanzia hapo nauchora kwa nukta nukta, ili anayesoma aone ni wapi hapakufyatuliwa kitu.