Matokeo mubashara ya tenisi: maana yake na namna ya kuyasoma

Kwenye kijiwe cha bajaji pale Uyole, Mbeya, siku za Ligi Kuu kila mtu ana matokeo mubashara mkononi. Ya mpira wa miguu hayana shule: 1–0, dakika ya 63, basi. Julai iliyopita, katika ile baridi ya kuvaa koti mpaka mchana, binamu yangu alinisogezea simu. Ilikuwa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya London. "Kaka, hebu nisomee hapa, mi naona namba tu."

Mstari wa juu ulikuwa na 6, 3, 4, kisha 30, na kinukta pembeni ya jina. Wa chini ulikuwa na 4, 6, 4, kisha 40.

Matokeo mubashara ni alama zinazobadilika zenyewe kwenye kioo kadiri mchezo unavyokwenda, bila wewe kufungua ukurasa upya. Katika tenisi chanzo chake ni mwamuzi yule anayekaa kwenye kiti kirefu. Ana kishikwambi, na kila pointi ikiisha anagusa aliyeipata. Ubao wa uwanjani, runinga na simu ya Uyole vyote vinachota kisima hicho kimoja.

Sasa tusome. Namba za kushoto ni seti: kila namba ni gemu alizoshinda mchezaji katika seti moja. Wa juu alichukua ya kwanza 6–4, wa chini akajibu 6–3 katika ya pili, na ya tatu wamefungana gemu 4–4. Kushinda seti ni gemu 6 kwa tofauti ya mbili. Wakifika 6–6 wanacheza taibreki, yaani gemu ya kuamua seti, ya kufika pointi 7, ila kwenye seti ya mwisho ya mashindano manne makubwa ni 10, na yote manne yanafuata hivyo tangu 2022. Namba ya mwisho kabisa, ile ya 15, 30, 40, ni pointi za gemu inayochezwa sasa hivi. Wakifungana 40 kwa 40, atakayeongoza huandikiwa herufi A badala ya namba.

Wengi huishia hapo, na kinukta hawakitazami. Kinaonyesha nani anaanzisha mpira, na kwangu mimi ndicho kinachobeba habari yote. Anayeanzisha hutegemewa kushinda gemu yake, hasa kwa wanaume na hasa kwenye nyasi za Wimbledon. Kwa hiyo 40–30 ya mwenye kinukta ni jambo la kawaida. Lakini 30–40, kama ilivyokuwa kwenye simu ya binamu, maana yake mwenye kinukta yuko pabaya: akipoteza pointi moja tu, gemu yake imevunjwa, mwenzake anaongoza 5–4, na gemu inayofuata anaanzisha huyo mwenzake. Hapo ndipo pa kumwambia abiria asubiri kidogo.

Tulikodoa macho. 40 ya chini ikafutika, 4 ikawa 5, kinukta kikashuka. "Kavunja?" "Kavunja." Hatukuona mpira hata mmoja, na bando halikutikisika, kwa sababu namba ni maandishi machache tu wakati video inakula MB kama jiko linavyokula mkaa. Tena mara nyingi namba hutangulia picha ya mtandaoni kwa sekunde kadhaa.

Pembeni huwa kuna ratiba ya siku. Soma saa kwa uangalifu: Julai, London wakianza saa tano asubuhi, huku ni saa saba mchana. Mechi nyingine huandikiwa tu "si kabla ya" saa fulani, maana inangoja iliyotangulia iishe, na tenisi haina dakika 90.

Kuna pia asilimia za nani anaelekea kushinda. Hizo mimi nazipita. Kwenye fainali ya Wimbledon ya 2019, Federer, akicheza na Djokovic, aliongoza seti ya tano kwa gemu 8–7 (kabla ya kanuni ile ya 2022, seti hiyo iliweza kupita 6–6), pointi zikiwa 40–15, anaanzisha mwenyewe, pointi mbili za ubingwa mkononi. Alimaliza na jumla ya pointi 218 kwa 204 za Djokovic, na kombe akalichukua Djokovic.

Namba nazo huishiwa pumzi. Mwaka 2010, hukohuko Wimbledon, wachezaji wawili, Isner na Mahut, walicheza saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, enzi ambazo seti ya tano haikuwa na taibreki. Ubao wa uwanjani ulikwama kwenye 47–47, kwa kuwa waliouprogramu hawakuwaza kama kuna watu watapita hapo. Tovuti ilijikaza kidogo, nayo ikapotea hesabu kwenye 50–50. Siku ya pili inaisha, mashabiki wakaandikiwa ujumbe: wajumlishe gemu 50 wenyewe. Isner alishinda seti hiyo 70–68.