Ukatili dhidi ya watu wenye ualbino Tanzania: dhana potofu zinazochelewesha taarifa

Mauaji ya watu wenye ualbino yalianza kuripotiwa kwa wingi Kanda ya Ziwa miaka ya 2006 na 2007, na hayajaisha. Dalili huonekana mapema, lakini majirani wengi huziona wakanyamaza kwa sababu wameaminishwa mambo yasiyo ya kweli.

Dhana: Wauaji ni wageni wanaotoka mbali.

Mgeni hajui mtoto analala chumba gani, wala usiku upi baba amesafiri. Yupo anayemwambia. Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili alinyakuliwa nyumbani kwao usiku. Mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata ukiwa umenyofolewa viungo. Miongoni mwa watu tisa waliokamatwa na polisi walikuwamo baba yake mzazi na padri. Hatia ni ya mahakama kuamua, lakini anayetoa taarifa asimwondoe mtu kwenye maelezo yake kwa kuwa tu ni ndugu au kiongozi wa dini. Kama baba mdogo ndiye aliyeuliza mara tatu mtoto hulala wapi, sema ni baba mdogo.

Dhana: Kumwita mtu "dili" au "pesa" ni utani wa mtaani.

Anayetamka hivyo anamwambia mwenzake kwamba viungo vya mtu huyo mwenye ualbino vina bei. (Bei zinazotajwa mitandaoni hatuziandiki hapa, kuzirudia ni kuitangazia biashara hiyo.) Kutishia mtu ni kosa la jinai hata kama hajaguswa. Ripoti pia mtu anayeokota nywele kinyozi anapomaliza kazi, anayetaka kucha au nguo iliyovaliwa, anayempiga mtoto picha bila ruhusa, anayeahidi kumsomesha bure mjini lakini hataki mzazi aone shule, na pikipiki isiyofahamika inayopita mara kwa mara jioni. Kaburi la mtu mwenye ualbino likichimbuliwa, hilo ni tukio la kuripoti siku hiyo hiyo. Ndiyo maana familia nyingi huzika ndugu zao chini ya zege.

Dhana: Mtu akipotea, polisi hawapokei taarifa hadi saa 24 zipite.

Hakuna sharti hilo. Saa za kwanza ndizo zenye thamani, maana njia bado zinaweza kufungwa. Piga namba ya dharura 112; kama ni mtoto, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto nayo hupokea taarifa. Wakati huo huo mwingine ampigie mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, mtendaji na polisi kata. Taja kitongoji na alama inayojulikana, saa, idadi ya watu, mavazi, namba ya pikipiki na upande walioelekea. Usikisie. "Sikuona sura" ni maelezo mazuri kuliko jina la kubahatisha, kwa sababu jina lisilo sahihi likishaandikwa, wakili wa utetezi atalitumia kuuvunja ushahidi wako wote.

Ukifika kituoni, usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ambayo taarifa yako imeandikishwa kwenye kitabu cha polisi. Bila hiyo, wiki ijayo hutakuwa na cha kufuatilia.

Dhana: Majeruhi hawezi kutibiwa kabla ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi).

Aliyekatwa kiungo anaweza kufa kwa kupoteza damu huku watu wakitafuta fomu. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, mkimbize hospitali. Mtu mwingine aende polisi kufuata PF3. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Panga au kamba viachwe vilipo, na watu wasikanyage eneo.

Kosa linaloharibu kesi nyingi ni umati kumpiga mshukiwa. Akifa, aliyemtuma habanwi tena.

Picha za majeruhi zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp: zinaonyesha nyumba na sura za ndugu waliobaki. Meseji ya vitisho usiifute. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, kisha itunze simu yenyewe.

Dhana: Mganga mwenye cheti anaruhusiwa kupiga ramli.

Usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ni wa kutibu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji haya. Anayeagiza kiungo cha binadamu aripotiwe hata kama ukuta wake umejaa vyeti.

Dhana: Watu wenye ualbino hawafi, hutoweka, na mama anayemzaa mtoto wa hivyo alitoka nje ya ndoa.

Hufa kama watu wote, wengi kwa saratani ya ngozi inayotokana na jua. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Wazazi wote wawili wakibeba chembe ya urithi ya ualbino bila wao kuonyesha dalili, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Mama anayefukuzwa kwa shutuma hizi huishia kuishi peke yake na mtoto, na nyumba ya namna hiyo ndiyo huvamiwa kwa urahisi. Kwa hiyo kufukuzwa kwake nako kupelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituoni.

Dhana: Kesi hizi haziendi popote.

Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino. Kesi hukwama pale shahidi anapokubali "tuyamalize nyumbani". Ukiambiwa hivyo, au kituo kikikaa kimya, nenda na namba yako ya RB kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania kinaweza kukusindikiza. Kama unahofia usalama wako, mwambie mpelelezi mapema, kabla hujaandika maelezo.