Je, wajua kwa nini nyumba ya Karen Blixen ina baraza pana na haina ghorofa?

Wengi wanaozuru nyumba ya Karen Blixen, inayotazamana na vilima vya Ngong jijini Nairobi, huamini kwamba mwandishi huyo wa Denmark ndiye aliyeijenga. Hakuijenga. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Uswidi, Åke Sjögren, Karen akiwa bado kwao. Alitia mguu Mombasa Januari 1914, akafunga ndoa papo hapo na Bror Blixen, na kwa miaka ya mwanzo waliishi kwenye nyumba nyingine. Hii waliihamia mwaka 1917, baada ya kununuliwa pamoja na shamba la kahawa. Alichagua samani na vitabu vyake. Umbo la nyumba alilikuta.

Sjögren naye hakulibuni. Nyumba hii ni bangalo, yaani nyumba ya sakafu moja yenye baraza, na asili yake ni nyumba za Bengal, eneo la Bara Hindi, ambazo paa lake hushuka hadi kufunika baraza. Waingereza waliuchukua mtindo huo India wakausambaza katika makoloni yao, na walowezi wa Kenya wakaufuata: sakafu moja, vyumba vimepangwa ubavu kwa ubavu, kuta za mawe, paa la vigae.

Baraza yenyewe hudhaniwa kuwa mahali pa kupunga upepo tu. Ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuukinga ukuta. Ukuta wa mawe una tabia ya figa: moto ukishazimwa na chakula kikishaliwa, figa bado linaunguza mkono. Jiwe hulimeza joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo ukuta uliochomwa na jua alasiri huanza kukipasha chumba joto usiku, wenyeji wakitaka kulala. Dawa si kufungua madirisha baadaye. Dawa ni jua lisiufikie ukuta kabisa.

Sasa angalia jua la Nairobi, jiji lililo karibu sana na ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu utosini, na joto lake kubwa huangukia paa. Kuta zinazoumia ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri, jua linapoinama na kupenya chini ya ukingo wa paa. Chukua mfano wa baraza ya magharibi yenye upana wa mita 2.5, na ukingo wa paa ulio mita 2.5 juu ya sakafu. Mwezi Machi, ukuta mzima utabaki kivulini hadi kama saa tisa na nusu alasiri. Ndipo jua litaanza kugusa sehemu ya chini na kupanda kidogo kidogo, likiwa limeshapoteza makali. Punguza upana huo nusu, na jua litaugusa ukuta takriban saa moja na robo mapema zaidi.

Hapo ndipo ghorofa inapokosa faida. Paa moja la chini hukinga sakafu moja. Ghorofa ya juu ingedai baraza yake. Na ardhi haikuwa haba: kahawa pekee ilichukua ekari 600.

Hata hivyo, mtindo huu ulikomaa katika joto la tambarare za India, ilhali shamba hili liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Julai baridi hapo ni kali, na kivuli hichohicho huongeza ubaridi. Ndiyo maana nyumba iliyojikinga hivyo na jua ina pia mahali pa kuotea moto.

Jiko nalo liko nje, kwenye jengo lake nyuma, ili moshi, joto na hatari ya moto visiingie nyumbani. Huko ndiko Kamante Gatura alikopikia, huku Farah Aden, Msomali, akisimamia shughuli zote za nyumba.

Karen aliondoka mwaka 1931 baada ya shamba kufilisika, na ardhi ikakatwa viwanja. Afisa wa jeshi la Uingereza aliinunua nyumba mwaka 1935 akaishi humo hadi kifo chake mwaka 1954, miaka mingi kuliko 14 ya Karen. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuizawadia Kenya, ikawa sehemu ya chuo cha lishe, na mwaka 1986 ikafunguliwa kama makumbusho.